Mganga hajigangi: Mtakatifu Camillus na kidonda chake



Injili ya Dominika hii ni ile ya Msamaria mwema, unayoijua tangu darasa la katekisimu. Mtu anateremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, anavamiwa na wanyang'anyi, anaachwa kando ya njia akiwa nusu mfu. Kuhani anapita. Mlawi anapita. Mgeni ambaye hakuna aliyemtarajia ndiye anayesimama. Kila ninapoisoma Injili hii altareni huona haya kidogo, maana wa kwanza kupita ni kuhani, nami ni kuhani. Lakini uko usiku mmoja unaonifanya nione haya zaidi, na naomba nianzie hapo.

Ni miaka kadhaa imepita. Nilipigiwa simu usiku wa manane niende hospitali kutoa Mpako wa Wagonjwa kwa majeruhi wa ajali ya basi. Nilifika mbio, stola shingoni, mafuta mkononi. Nje ya mlango wa chumba cha dharura palikuwa na mtu ameketi ukingoni mwa baraza, amevaa koti la kazi lenye madoa ya damu, ananawa mikono kwa maji ya chupa. Nilimpita. Nilikuwa na haraka, na niliowaona kuwa wenye shida walikuwa ndani. Nilipotoka, baada ya saa nzima na zaidi, alikuwa bado pale pale, ananawa mikono ambayo ilikwisha takata zamani. Ndipo nikaketi.

Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Aliniambia kwamba tangu saa mbili usiku alikuwa amekwenda na kurudi mara nne. Katika safari ya mwisho mtoto alifia njiani, mikononi mwa muuguzi aliyekuwa nyuma, naye alisikia kila kitu lakini hakuweza kuacha usukani. Saa kumi na mbili asubuhi alitakiwa kulikabidhi gari likiwa safi. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, kama ule mpako unawahusu na wao. Sikuwa na jibu zuri. Niliweka mkono juu ya kichwa chake, nikamwombea, nikaondoka. Swali lake nimeishi nalo tangu siku ile.

Kesho, Julai 14, Kanisa linamkumbuka mtu ambaye maisha yake yamenisaidia kulitafuta jibu. Ni Mtakatifu Camillus wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa, wa hospitali na wa wauguzi. Wengi wanamjua kwa jina tu, kwa sababu ya zahanati na hospitali zilizopewa jina lake. Hebu nikusimulie alikuwa nani.

Camillus alizaliwa Mei 25, 1550, katika mji mdogo wa Bucchianico, kusini mwa nchi tunayoiita leo Italia. Mama yake, Camilla, alikuwa katika umri ambao majirani walikwisha acha kumtarajia mtoto. Inasimuliwa kwamba kabla ya kujifungua aliota mtoto mwenye msalaba mwekundu kifuani, akiongoza kundi la watoto wengine wenye alama ile ile. Mama alishtuka. Siku hizo waliokuwa wakipelekwa kunyongwa walivishwa msalaba kifuani, naye akadhani anazaa kiongozi wa majambazi.

Kwa miaka mingi ilionekana kama mama aliota sawasawa. Baba, Giovanni, alikuwa askari, leo vita hii, kesho vita ile, nyumbani akionekana kwa nadra. Mama alifariki Camillus akiwa na miaka kama 13. Kijana akakua bila wa kumwonya, na akakua kweli kweli, maana urefu wake ulikaribia mita 2. Alikuwa na hasira za karibu, na alipenda kamari kuliko chakula. Baba alipokwenda vitani alimchukua mwanawe, na baba huyo huyo ndiye aliyemfundisha karata na dadu. Baba akafa wangali njiani kwenda kujiandikisha katika jeshi la Venisi, na Camillus akabaki peke yake na upanga wa marehemu.

Wakati ule ule alianza kuumwa mguu wa kulia. Kilikuwa kidonda karibu na kifundo, kidogo mwanzoni, kikakataa kupona. Mababu zetu wana jina la kidonda cha namna hiyo: kidonda ndugu, kwa kuwa hakikuachi, mnaishi pamoja kama ndugu. Camillus aliishi na ndugu huyo miaka 46, mpaka kaburini.

Kidonda ndicho kilichomfikisha hospitali kwa mara ya kwanza. Mwaka 1571, akiwa na miaka 20, alikwenda Roma, katika hospitali ya San Giacomo iliyowapokea wagonjwa wasioponyeka. Hakuwa na fedha, hivyo akakubaliana nao atibiwe huku akifanya kazi ya utumishi wodini. Hakudumu. Alikuwa akitoroka kwenda kucheza karata na wapiga makasia kando ya mto Tiber, na alipokuwapo aligombana na wenzake. Walimfukuza. Akarudi jeshini, akapigana, akanusurika na dhoruba baharini. Mwaka 1574, huko Napoli, alicheza kamari mpaka akapoteza silaha, koti, na kama wanavyosimulia, hata shati la mwilini.

Hivyo, mpendwa msomaji, mtakatifu wetu alifika mji wa Manfredonia akiwa ombaomba mlangoni pa kanisa, jitu la mita 2 lenye mguu unaonuka. Bwana mmoja akamhurumia, akamtafutia kibarua cha kubeba mawe na chokaa katika ujenzi wa konventi ya Wakapuchini. Alikubali kwa kukosa namna. Siku moja wakamtuma San Giovanni Rotondo, mji ule ule ambao karne nyingi baadaye Padre Pio aliishi. Usiku ule mkubwa wa nyumba akamkalisha kitako, akazungumza naye maneno machache kuhusu Mungu. Kesho yake, Februari 2, 1575, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, akiwa njiani kurudi juu ya mnyama wake, yale maneno yalimpata. Alishuka, akapiga magoti juu ya mawe, akalia. Hakucheza kamari tena.

Aliomba awe Mkapuchini, wakampokea. Lakini kanzu ya kitawa ilikuwa ikikwaruza mguu, kidonda kikafumuka, wakamrudisha Roma atibiwe. Kilipotulia akarudi kwao. Kikafumuka tena, na safari hii wakamwambia kwamba hawezi kuwa mtawa wao. Fikiria uchungu wa kijana yule. Mara mbili mlango wa nyumba ya Mungu unafungwa kwa sababu ya kidonda kile kile. Akarudi San Giacomo, hospitali iliyomfukuza, akajitoa kuwahudumia wagonjwa maisha yake yote. Baadaye wakamfanya msimamizi wa nyumba nzima.

Sasa aliiona hospitali kwa macho mapya. Watumishi wa wodini walikuwa watu wa mishahara midogo waliokosa kazi nyingine, na baadhi yao walipelekwa pale kama adhabu. Mgonjwa aliweza kulala siku nzima katika uchafu wake. Uji uliwekwa kando ya mtu asiyeweza kuinua kijiko, kisha ukaondolewa ukiwa umejaa vile vile. Walikuwapo hata waliobebwa kwenda kuzikwa ilhali pumzi ingalimo, kwa sababu ya haraka ya kutaka kitanda. Camillus alijaribu kuwasimamia, akawaamkia usiku, akawakemea. Mwezi Agosti 1582, karibu na sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, lilimjia wazo. Ukali wa msimamizi hautoshi. Wanahitajika watu watakaowahudumia wagonjwa kwa mapendo, jinsi mama anavyomhudumia mtoto wake wa pekee anapougua.

Wenzake watano wakamfuata. Walikuwa na chumba kidogo cha sala ndani ya hospitali, na wakubwa wa hospitali, wakihofu kwamba wanataka kuitwaa, wakakibomoa. Inasimuliwa kwamba Camillus aliuchukua msalaba wa chumba kile hadi chumbani mwake, akasali mbele yake usiku kucha, akahisi Bwana anamtia moyo asiogope, kwa kuwa kazi ile si ya Camillus bali ya Msulubiwa mwenyewe. Padre wake wa maungamo, Mtakatifu Filipo Neri, hakupendezwa na mipango ile, lakini wengine walimshauri awe padre ili kazi ipate msingi. Basi mtu mzima wa miaka 32 aliketi darasani Roma pamoja na watoto, akijifunza Kilatini huku wakimcheka kwamba amechelewa. Mwezi Mei 1584 alipewa daraja ya upadre na askofu Mwingereza aliyekuwa uhamishoni, Thomas Goldwell.

Kutoka hapo kazi ilikwenda mbio. Walihamia hospitali kubwa ya Santo Spirito, karibu na Vatikano. Mwaka 1586 Papa Sixtus wa Tano aliikubali jumuiya yao na kuwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani, na hapo ndoto ya mama ikapata maana nyingine. Mwaka 1591 Papa Gregori wa Kumi na Nne aliifanya kuwa shirika kamili la watawa, Watumishi wa Wagonjwa, ambao leo tunawaita Wakamiliani. Juu ya nadhiri tatu za kawaida waliongeza ya nne: kuwahudumia wagonjwa hata wakati wa tauni, hata kwa kuhatarisha maisha. Hapa Afrika Mashariki wako hadi leo, kwa mfano huko Karungu, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, kwenye hospitali yenye jina la mwanzilishi wao.

Nisikuchanganye, msomaji. Msalaba mwekundu unaouona kwenye mahema ya Chama cha Msalaba Mwekundu haukutoka kwa Camillus. Ule ulichaguliwa Geneva, na kuwekwa katika mkataba wa mwaka 1864, kwa kugeuza rangi za bendera ya Uswisi. Lakini karibu miaka 270 kabla ya mkataba huo, watu wenye msalaba mwekundu nguoni walikwisha onekana kwenye uwanja wa vita. Mwaka 1595 Camillus aliwapeleka wenzake Hungaria pamoja na majeshi yaliyopigana na Waturuki, na mwaka 1601 wakaenda tena, kwenye kuzingirwa kwa ngome ya Kanizsa. Kazi yao ilikuwa kuwaokota majeruhi, kuwafunga vidonda, kuwalisha, na kuwasindikiza waliokuwa wakikata roho. Wako wanaowataja kama kikosi cha kwanza cha huduma ya dharura vitani. Camillus alikwisha kuwa askari, alijua jinsi mtu anavyokufa shambani akiita maji.

Alikimbilia maafa ya kila namna. Merikebu za Kihispania zilipofika Napoli zimejaa askari wenye homa ya kuambukiza, mji ukawaogopa, na ndugu zake ndio walioingia kuwahudumia, wengine wao wakaambukizwa na kufa. Njaa na homa zilipoipiga Roma mwanzoni mwa miaka ya 1590 walizunguka kwenye mapango na mazizi walimojificha maskini. Na wakati wa Noeli ya mwaka 1598 mto Tiber ulifurika kuliko watu walivyowahi kuona. Maji yalipoanza kuingia Santo Spirito, Camillus na wenzake walikesha wakiwabeba wagonjwa mgongoni, mmoja mmoja, kuwapandisha ghorofani pamoja na magodoro yao. Miaka mingi baadaye, mwaka 1746, alipotangazwa mtakatifu, mchoraji Mfaransa Pierre Subleyras aliuchora usiku ule: maji sakafuni, na padre mrefu amembeba mgonjwa.

Jambo dogo nalo naomba ulikumbuke. Kwa sababu ya wale waliozikwa wangali hai, Camillus aliagiza kwamba mgonjwa anapoonekana amekata roho, sala ziendelee robo saa nzima kando ya kitanda, na uso wake usifunikwe upesi. Ilikuwa sala, na ilikuwa pia uangalizi wa kitabibu. Kwake mambo hayo mawili hayakutengana.

Nimefika mahali ambapo wasimulizi wengi wa maisha ya watakatifu hupita haraka, kama mimi nilivyompita yule dereva. Wale waliobeba wagonjwa, nani aliwabeba wao?

Ndani ya shirika lake Camillus alikuwa na mgogoro mkubwa kuhusu jambo hilo. Yeye alitaka ndugu zake waishi hospitalini, mchana na usiku, na wachukue kazi zote, kuanzia sala za wanaokufa hadi kufua mashuka na kumwaga vyombo vya uchafu. Mwaka 1594 aliikubali huduma ya namna hiyo katika hospitali kubwa ya Milano. Washauri wake walipinga. Walisema watu wanachoka, wanaugua, wanakufa vijana, na shirika litakwisha. Tusiwadhanie kuwa wavivu. Walikuwa watawa wenye nadhiri ile ile ya nne, na makaburi ya wenzao waliyaona kwa macho. Mabishano yalidumu miaka, mpaka Papa Klementi wa Nane mwaka 1600 alipotoa hati ya kuweka utaratibu.

Nani alikuwa na haki? Nimelitafakari sana, na naona kwamba kila upande ulishika sehemu ya ukweli. Camillus aliona kwamba mgonjwa hana saa za kazi, maumivu ya saa tisa usiku ni maumivu kamili. Wenzake waliona kwamba mhudumu naye ana mwili, na mwili huo Mungu ndiye aliyeuumba. Shirika lilibaki hai kwa sababu kulikuwa na watu waliothubutu kumwambia mtakatifu kwamba anaomba kupita kiasi, na kwa sababu mtakatifu, mwishowe, alikubali utaratibu uliowekwa. Mwaka 1607 alijiuzulu ukubwa wa shirika, akawa mtumishi kama wengine.

Na mwili wake mwenyewe? Waliomtunza waliorodhesha maradhi matano. Kidonda cha mguu, ngiri iliyomtesa miaka 38, sugu mbili za maumivu makali chini ya nyayo, mawe ya figo, na hatimaye tumbo lililokataa chakula. Yeye mwenyewe aliyaita maradhi hayo huruma za Mungu. Alipokuwa hawezi tena kusimama alijikokota kutoka kitanda hadi kitanda kuuliza kama kuna anayehitaji kitu. Alifariki Roma Julai 14, 1614, akiwa na miaka 64, na amezikwa katika kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena.

Hapa nataka kuwa mwangalifu. Ni rahisi kuuchukua mguu ule wa Camillus na kuwapiga nao fimbo wahudumu wetu: mtakatifu alijikokota, wewe unalalamikia zamu mbili mfululizo? Ningefanya hivyo ningemkosea yeye na ningemkosea Mungu. Camillus aliyachukua maradhi yake kama huruma. Maradhi ya wengine hakuyaita hivyo kamwe, aliyatafutia maji, dawa, shuka safi na uji wa moto. Mtu anaweza kuutoa mwili wake sadaka. Hana ruhusa ya kuutoa mwili wa mwenzake, wala tajiri hana ruhusa ya kuutoa wa mfanyakazi wake.

Tena kumbuka njia aliyopita. Hakufika hospitali kama mganga, alifika kama mgonjwa. Alijua kulala akisubiri mtu ambaye haji. Kidonda kilichomfungia mlango wa konventi kilimfungulia mlango wa wodi. Wahenga wanasema mganga hajigangi, na Camillus ni ushahidi wa methali hiyo miaka yote 46. Maana yake kwetu ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitenda. Kwa kuwa mganga hajigangi, lazima awepo mtu mwingine wa kumganga.

Rudi sasa nami kwenye Injili ya leo. Msamaria alisafisha majeraha kwa mafuta na divai, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule. Na kesho yake? Kesho yake alitoa dinari mbili, akamkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba, akaendelea na safari, akiahidi kulipa gharama atakaporudi. Kwa miaka mingi nilihubiri juu ya mafuta na divai, nikasahau kesho yake. Hata Msamaria alikabidhi zamu. Wala hakumwachia mwenye nyumba mzigo bure, bali alimpa cha kuanzia na ahadi ya kilichozidi.

Huduma ya dharura ya siku zetu ni ile ile ya barabara ya Yeriko. Katika mpango wa m-mama hapa kwetu, mjamzito mwenye dharura anatafutiwa usafiri kwa kupiga 115 bila malipo, na pale ambapo hakuna gari la wagonjwa karibu, hupelekwa dereva wa kawaida wa jamii aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114. Upande wa pili wa simu kuna mtu, amekaa macho wakati wewe umelala. Barabarani, mara nyingi anayemfikia majeruhi kwanza ni dereva wa bodaboda, au mama anayeuza ndizi pale kituoni, asiye na glovu wala mafunzo, ila ana moyo. Hao wote huona katika mwezi mmoja mambo ambayo wewe na mimi tukiyaona mara moja hatulali wiki nzima. Wao wanatakiwa kulala, kwa sababu kesho kuna zamu.

Naomba basi mambo matatu, nayo hayahitaji bajeti ya serikali ili yaanze leo.

La kwanza, kwa wanaosimamia. Baada ya tukio zito, msimruhusu mtu aende nyumbani kimya. Mketishe, mpe chai, muulize ameona nini, msikilize bila kumhukumu. Akianza kuota ndoto mbaya, akianza pombe, akianza kuwafokea wagonjwa, tambueni kwamba ni kidonda kimefumuka, mmpeleke kwa mtaalamu kama vile mngempeleke aliyevunjika mkono. Barua ya onyo haiponyi kidonda.

La pili, kwa sisi tunaohudumiwa. Gari la wagonjwa likichelewa, aliyefika nalo si lazima awe ndiye aliyelichelewesha. Mara nyingi amepita barabara ambayo hatukumpisha. Nimewahi kuona ndugu wa mgonjwa wakimkunja shati mtu aliyekuja kuwasaidia. Hofu yao naielewa, lakini mikono yetu iwe ya kubebea machela. Na king'ora kikilia nyuma yako barabarani, pisha. Kupisha nako ni tendo la huruma.

La tatu, kwa sisi wa Kanisa, nikianza na mapadre wenzangu. Tunaingia wodini mbio tukiwatafuta wanaokufa, na ni wajibu wetu. Tunapotoka, tuangalie barazani. Parokia zetu zina kwaya, vyama vya kitume na jumuiya ndogondogo. Je, kuna hata moja iliyowahi kuandaa Misa na chakula kwa ajili ya wauguzi, madereva na waokoaji wa eneo lake? Kesho, sikukuu ya Mtakatifu Camillus, ni siku nzuri ya kuanza. Waulizeni majina yao. Waulizeni wanalala vipi.

Na kwako unayesoma safu hii ukiwa umetoka zamu, labda magazeti mawili yako juu ya meza na macho yamekuwa mazito. Kwa swali la yule dereva, jibu langu limechelewa miaka, lakini ndilo hili. Mpako ule ni wa wagonjwa, na siku ukiugua usisite kuuomba. Huruma iliyomo ndani yake ni yako leo. Ukilia, hujashindwa kazi. Ukisema umechoka, hujamkana Mungu. Mtafute mtu umwonyeshe kidonda chako, awe daktari, mshauri, padre, au mwenzako wa zamu. Camillus mwenyewe aliingia San Giacomo mara ya kwanza kwa sababu hiyo tu: alikuwa na kidonda, na hakuweza kukitibu peke yake.

Mimi nami usiku wa manane nikiitwa tena hospitali, nimejiwekea desturi. Baada ya kuwapaka mafuta waliomo ndani, naketi nje kidogo kwenye ukingo wa baraza kabla ya kuwasha gari. Mara nyingi kuna mtu.

Mtakatifu Camillus, utuombee. Nakutakia Dominika njema.